Uso wa Aliye Chini ya Mguu

Kwaruu.

Mara moja tu, kisha kimya. Da Mkubwa alifumbua macho gizani akasikiliza. Mlio ule aliujua kama anavyokijua kikohozi cha baba yake: ni msasa ukipita juu ya plasta iliyokauka. Lakini karakana, iliyokuwa chini ya chumba chao, ilikuwa imefungwa tangu jioni, na ufunguo ulining'inia msumarini, umbali wa mkono kutoka kichwani pake. Kwenye kitanda cha pili, mdogo wake Kidoti alikuwa amelala kifudifudi, anakoroma taratibu kama paka aliyeshiba.

Panya, alijiambia, akageukia ukuta. Panya hawatumii msasa, moyo ukamjibu. Akaunyamazisha.

Asubuhi alitangulia kushuka. Karakanani, chini ya kichwa cha sanamu aliyoichonga yeye, alikuta vumbi jeupe, laini, kama unga uliochekechwa. Na kulikuwa na harufu. Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Katika nyumba ile mishumaa ilipigwa marufuku kwa sababu ya vanishi. Hata kibiriti kilikaa jikoni.

Alichukua ufagio akafagia haraka, kabla wengine hawajaamka, wala hakujua kwa nini anafanya haraka.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa sanamu za makanisa. Baba yao, aliyeitwa Fundi na watu wote, hata na binti zake wanapokuwa kazini, alikuwa amezitengeneza kwa miaka arobaini, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Sasa parokia moja ilikuwa imeagiza sanamu kubwa kuliko zote: Malaika Mkuu Mikaeli, mrefu kuliko mtu, mabawa yamefunguliwa, mkuki mkononi, na mguu wake wa kushoto umekanyaga shingo ya Ibilisi.

Siku ya kugawana kazi, Fundi aliwakusanya wote. Wote ni watatu tu: binti zake wawili, na mchanganya plasta, mtu mcheshi aliyetapakaa weupe kuanzia kope hadi kandambili, ndiyo maana wakamwita Chokaa.

"Uso wa Mikaeli," Fundi alisema, "ataufanya Kidoti."

Da Mkubwa alikuwa ameshika kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakikunjua.

"Na mimi, Fundi?"

"Wewe utamfanya wa chini."

"Hongera, Da Mkubwa!" Chokaa aliruka. "Umepewa shetani! Mtie pembe, mtie mkia, na meno mtie kama ya mama mkwe wangu."

Kidoti alicheka, akajiziba mdomo.

"Hakuna pembe," Fundi alisema. "Padre ameeleza wazi. Mungu hakuumba shetani. Aliumba malaika, mbeba nuru, mzuri kupita wenzake. Ubaya ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo afanywe mzuri. Mtu akimtazama, amhurumie kwanza, kisha ndipo aogope."

"Sasa alikosa nini huko juu?" Chokaa akauliza. "Hakuna njaa, hakuna mama mkwe."

"Wengine husema kiburi. Padre anasema kiburi na wivu. Aliona kiumbe cha udongo kinapendwa, akashindwa kuvumilia."

Chokaa alijitazama, tumbo mpaka miguuni, na vumbi lake lote. "Malaika mzima alinionea wivu mimi? Huyo kweli alikuwa mgonjwa."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake, ambayo Fundi aliirithi kwa aliyemfundisha. Uso hauanzwi na mtu mwenye ugomvi, wala katika nyumba yenye ugomvi. Kwa hiyo kabla ya uso kuanzwa, huletwa beseni la maji, na kila mfanyakazi huingiza mikono pamoja na yule atakayeufanya, akamwambia: sina neno nawe. Mwenye neno alipaswa kulisema palepale, likaoshwa. Wakati mmoja Chokaa alilisema lake, kuhusu kandambili zilizopotea, wakapatana, wakaendelea na kazi.

Zamu ya Da Mkubwa ilipofika, aliingiza mikono. Vidole vya Kidoti vilimgusa ndani ya maji, vya moto, vyenye furaha.

"Sina neno nawe, mdogo wangu," alisema.

Alikuwa na maneno gunia zima. Miaka kumi na moja ya mikunjo ya kanzu! Miaka kumi na moja ya kucha za miguu, ya mawingu, ya manyoya ya mabawa, unyoya kwa unyoya, huku akisubiri mikono ya baba ichoke ili yake iitwe. Kidoti ana miaka miwili tu kazini. Alirudi kutoka chuoni akiwa amechoka na masomo, akashika brashi kwa kujaribu, na alichokishika kikaitika. Da Mkubwa alifanya kwa jasho. Kidoti aligusa tu. Na lililomuuma zaidi ni kwamba Kidoti hakuringa. Angeringa, chuki ingepata pa kukaa.

Basi akamfanya wa chini. Alifanya kwa kioo kidogo cha mkononi, akiutazama uso wake mwenyewe: paji hili, shavu hili, midomo hii iliyokuwa karibu kusema jambo ikameza. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Hakuna aliyeiona. Wote walikuwa wametazama juu, kwenye ngazi, ambako Kidoti alikuwa anamtoa malaika ndani ya plasta kama mtu anayemwamsha mtoto. Fundi alipita, akainama kidogo, akasema, "Vizuri." Neno hilo humwambia hata fundi wa bomba.

Usiku uliofuata ndipo ulipokuja ule mlio. Na baada ya mlio, vumbi. Usiku wa pili hivyohivyo. Asubuhi ya tatu, alipoinama kufagia, Da Mkubwa aliona kwamba kichwa alichokichonga kikiwa kimetazama sakafu kilikuwa kimegeuka, si sana, kiasi cha upana wa kidole, na jicho la upande mmoja sasa lilitazama juu, kwenye ngazi.

Asubuhi ya nne hakungoja kupambazuke. Alishuka pekupeku. Alitegemea giza, na giza angeliweza kulistahimili, kwa maana tangu utotoni aliambiwa kwamba viumbe wabaya hukaa gizani. Lakini alipofungua mlango karakana ilikuwa imejaa mwanga, mweupe, mtulivu, usio na taa wala dirisha ulikotokea, mwanga ambao haukutupa kivuli cha kitu chochote, wala cha ngazi, wala cha meza, wala chake mwenyewe alipotazama miguuni akakitafuta.

"Mzaliwa wa kwanza," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti nzuri. Uzuri wake ndio uliomtia baridi.

"Usiogope. Mimi pia nilitangulia. Nyota za asubuhi zilipoimba, mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Kisha Yeye akainama, akachafua mikono Yake kwa tope, akalipulizia tope pumzi Yake. Mimi hakunishika. Mimi aliniamuru tu niwe, nikawa. Tope alilishika. Wewe walikuita nani, kabla yule hajazaliwa?"

Da Mkubwa alilitafuta jina hilo. Alikuwa na umri wa miaka saba mama yao, ambaye sasa ni marehemu, alipotoka hospitali na kitoto ndani ya blanketi. Siku ile jina lake liliwekwa kando kama kiatu kilichobana. Akawa Dada. Dada mletee maji, Dada mbebe, Dada mwachie. Kisha akawa Da Mkubwa, kwa baba, kwa wateja, kwa mtaa mzima. Jina lake la ubatizo halikuwa limepita kinywani mwa mtu kwa miaka ishirini.

"Mimi pia langu walilifuta," sauti ilisema kwa upole. "Mbele ya maji ulisema huna neno. Mimi nililisikia. Liseme sasa, tuko wawili tu."

"Sitaki afe," Da Mkubwa alinong'ona.

"Nani aliyetaja kufa?"

"Asiumalize tu. Ule uso. Asiumalize, basi."

"Ahsante," sauti ikasema, kama mgeni aliyeambiwa karibu ndani. Mwanga ukazimika, ikabaki harufu ya mshumaa.

Saa nne asubuhi Kidoti alishuka ngazini akisugua macho.

"Dada, hebu nipulizie, vumbi limeniingia."

Da Mkubwa alimshika kidevu, akampulizia kama alivyompulizia mara elfu alipokuwa mdogo. Akaona juu ya mboni utando mweupe, mwembamba, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Akapuliza tena. Haukutoka.

Jioni Kidoti hakuona kitu ila mwanga. Hospitali walimmulika kwa tochi, wakampima damu, wakasema hawaoni sababu. Siku ya pili kope zake hazikufunguka. Siku ya tatu Chokaa, aliyeijua plasta kuliko alivyomjua mkewe, aliomba ruhusa, akamgonga Kidoti shavuni kwa ukucha, taratibu. Ko. Akarudi nyuma hatua mbili. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na mzaha.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni plasta, nayo inashika. Na plasta ikishaanza kushika, haisikii maji."

Fundi akampigia simu padre.

Alikuja mzee mwembamba, mwenye pumu, stola yake, ule utepe wa ibada wa shingoni, ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki. "Mimi si mganga," alisema mlangoni, akitafuta pumzi. "Sina moshi wala ngoma. Nina maswali tu, na sina haraka."

Alimfungia Kidoti mkono kwa rozari, akasali sana. Kisha akauliza, "Nani aliyekufungulia?"

Midomo ya Kidoti ilikuwa imekakamaa, ikisogea pembeni tu. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa kamili, tamu, na Da Mkubwa aliyesimama nyuma ya pazia aliitambua.

"Niulize nilikotoka, mzee. Ni hadithi nzuri."

"Naijua. Uliumbwa mwema ukajiharibu. Sikuulizi hilo. Nani aliyekufungulia? Taja jina."

Kioo cha dirisha kililia. "Sikuvunja mlango. Nilikaribishwa."

Siku tatu padre aliuliza swali lilelile, siku tatu alijibiwa vilevile. Jioni ya tatu aliketi kwenye ngazi za nyumba akiwa ameloa jasho.

"Tatizo la huyu," alimweleza Fundi, "ni kwamba hana kitu chake. Watu hudhani ni mungu wa pili, wa giza. Si kweli. Ni kiumbe kama wewe na mimi. Nguvu alizonazo alipewa, uzuri alionao alipewa, akabaki na wivu tu, huo ndio aliojitengenezea. Hawezi kuumba hata mlango. Anaingia kwa mlango wa mtu. Na aliyeufungua ndiye mwenye kuufunga, kwa kinywa chake, kwa jina lake."

"Ni nani humu ndani," Fundi aliuliza, "anaweza kumchukia mtoto kama yule?"

Da Mkubwa alikuwa anawaletea chai. Aliiweka chini bila kumwaga hata tone, akashangaa mkono wake ulivyotulia.

"Da Mkubwa," Fundi alimwita baadaye, karakanani. "Jumamosi parokia wanakuja kumchukua Mikaeli. Umalizie wewe."

Alikuwa ameingoja sentensi hiyo miaka kumi na moja. Alidhani itakuja na kitu, kengele, wimbo. Ilikuja na mzee anayelia.

"Kwa nini hukunipa tangu mwanzo, Baba?"

Fundi alifuta macho kwa kiganja kinachotetemeka. "Kidoti alitaka kuondoka. Nilimpa uso ili abaki. Wewe nilijua huondoki."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, likakwama. Basi ubaya wake ulikuwa kutoondoka! Angeondoka, angependwa. Akapanda ngazi akashika brashi, na mkono wake ukaruka kama haukuwa wake: shavu likaja, pua ikaja, midomo ikajikaza kwa hasira takatifu. Chokaa alivua kofia. Fundi aligusa kidevu cha malaika akasema, "Mwanangu." Ilikuwa tamu. Asiseme mtu haikuwa tamu. Usiku, akiwa amelala karibu na yule anayeganda, Da Mkubwa aliukumbuka utamu ule na hakulala kwa kuukumbuka.

"Dada."

Sauti ilikuwa ndogo, ya Kidoti mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umebaki tundu kama la kifungo.

"Nipo."

"Umefika... kwenye macho?"

"Bado. Kesho."

"Usiyatie hasira." Pumzi ilipita kwa shida, ikipiga filimbi. "Mikaeli hana hasira. Anasikitika. Yule wa chini... alikuwa ndugu yake."

Da Mkubwa alijifunika shuka mpaka kichwani, akaiuma ili asisikike.

Kulipopambazuka, siku ya Jumamosi, alishuka. Mwanga ulikuwa unamngoja, mwingi kuliko siku zote, mpaka vumbi la hewani lilisimama ndani yake bila kuelea. Uso wa Mikaeli ulikuwa umekamilika, isipokuwa mboni mbili. Wa chini ya mguu alikuwa amegeuza kichwa chote sasa. Hakutazama tena ngazi. Alimtazama yeye, kwa uso wake yeye.

"Maliza," sauti ilisema.

Alichovya brashi ndani ya rangi nyeusi. "Nikimaliza, utamwacha?"

"Hatabaki wa kuachwa."

"Nilisema asife!"

"Ulisema asiumalize. Umekuwa mwema kwangu, nami nimekuwa mwaminifu kwako."

"Na mimi je?"

Kwa mara ya kwanza ikacheka, na ndani ya kicheko Da Mkubwa alisikia ukale wa chuki ile, chuki iliyokuwepo kabla ya bahari kuwekewa mpaka, isiyochagua kati ya dada na dada, isiyojua mkubwa wala mdogo, isiyojali uso huu umalizwe na huyu au na yule, iliyotaka tu isiwepo duniani sura yoyote ya tope iliyoguswa na mkono uliokataa kumgusa yeye.

"Wewe?" ikasema. "Wewe pia ni tope."

Juu, Fundi alipiga kelele. "Padre! Hapumui! Padre!"

Tone jeusi lilining'inia kwenye ncha ya brashi. Mboni mbili tu, ni kazi ya kufumba na kufumbua, na uso ungekuwa wake milele. Da Mkubwa aliiweka brashi mezani, akakimbilia ngazi za nyumba, na mwanga ukapanda nyuma yake, kila kidato na neno lake: baba yako atakutazamaje, hutashika tena hata unyoya, mdogo wako atajua, na akijua hatakuita tena akuombe umpulizie jicho, na mtaa mzima utajua, na hiyo karakana uliyoipa ujana wako itakuwa ya nani, niambie, itakuwa ya nani, geuka, mzaliwa wa kwanza, rudi, mboni mbili tu.

Chumbani padre alikuwa amepiga magoti, sauti imemkauka. Chokaa alikuwa ameshika miguu ya Kidoti kana kwamba angeweza kumzuia asiende. Uso juu ya mto ulikuwa mweupe, laini, mzuri, umekamilika. Tundu la mdomo lilikuwa limebaki upana wa sindano.

"Kwa jina lake Yeye aliyekuumba," padre alisema, "nani aliyekufungulia?"

"Hatasema," sauti ilijibu kutoka kila pembe ya chumba. "Namjua. Ananipenda."

Fundi aligeuka akamwona mlangoni. "Rudi kazini, mwanangu. Usije ukayaona haya."

Da Mkubwa alimpita. Alipiga magoti, akautafuta mkono wa mdogo wake chini ya shuka. Mkono peke yake ndio uliokuwa bado nyama, bado una joto, na vidole vilipoguswa vilijikunja taratibu juu ya vyake.

"Padre," alisema, "niulize mimi."

Mzee alimtazama, na macho yake hayakuwa na mshangao, ila huruma.

"Nani aliyemfungulia?"

Kioo cha dirisha kilipasuka. Baba yake akasema, "Hapana." Da Mkubwa alivuta pumzi, akaukaza mkono ule, na kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia, akalitaja jina lake la ubatizo.